Mwaka Huu Sikuandika "Hakuna"

Ijumaa, saa kumi jioni, Oyugis.

Mvua imekuwa ikinyesha tangu saa sita na watu wa sokoni wametawanyika mapema. Nimefunika cherehani yangu, chakula cha Sabato kiko tayari, na jua bado halijazama. Nina muda wa kuandika kabla Sabato haijaingia. Moyo wangu ni mwepesi leo, wepesi ambao sijauzoea.

Kwa mnaosoma hapa mara ya kwanza: nina binti mmoja, Akinyi, yuko kidato cha tatu katika shule ya bweni. Baba yake ni Onyango, mchimbaji wa dhahabu kule Osiri. Tulitengana Akinyi akiwa darasa la sita. Mahakama ikamwamuru Onyango atume pesa za matunzo kila mwezi. Alituma miezi mitatu, kisha akanyamaza kwa miaka.

Karo ya Akinyi imekuwa ikilipwa na basari ya watoto wa wasiojiweza. Kila mwaka fomu inajazwa upya. Wanauliza kazi yako, kipato chako, shamba, mifugo, halafu mwishoni wanauliza mzazi mwenzako anakusaidia kwa kiasi gani. Pale nimekuwa nikiandika neno moja tu: Hakuna.

Na lilikuwa kweli.

Miezi miwili iliyopita ofisi ya watoto ilimfuatilia Onyango mpaka ikampata. Mahakama ikamwita. Akakubali kulipa sehemu kubwa ya malimbikizo kwa mkupuo mmoja, halafu atume kiasi kidogo kila mwezi. Sikuweka tumaini lolote. Nimeshasikia ahadi zake.

Lakini Jumanne ya wiki juzi, nikiwa nakata kitambaa cha sare, simu ikalia. Shilingi elfu tisini kutoka kwa Onyango. Nilikaa chini sakafuni. Mama Brenda, ambaye tunashona naye kibanda kimoja, akadhani nimepokea habari za msiba.

Pesa zile hazikukaa. Salio la shule, deni la mahindi, mkopo wa chama chetu cha akiba niliochukua Akinyi alipougua mwaka jana. Kufikia Alhamisi nilikuwa nimebaki na elfu kumi na moja. Nililala kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni.

Kisha nikakumbuka fomu. Ilikuwa irudishwe kwa chifu wiki hii.

"Min Akinyi, hiyo ni mvua ya siku moja," Mama Brenda aliniambia, akiniita mama Akinyi kwa Dholuo. "Wakisikia elfu tisini watasema wewe si maskini tena. Mtoto atakosa basari, na huyo mwanaume atanyamaza tena. Utabaki na nini?"

Hakusema kwa ubaya. Nami nilikuwa nimeshafikiria hivyo hivyo kabla hajafungua mdomo.

Nikaandika Hakuna. Sitaficha hapa: sikusita hata kidogo. Hilo ndilo linalonitisha nikilikumbuka. Mimi ninayefundisha watoto wa shule ya Sabato amri kumi.

Akinyi alikuja mapumziko ya wiki moja ya katikati ya muhula. Mwanafunzi naye hutia sahihi, kwa hiyo Jumapili asubuhi nilimpa fomu na kalamu, nikarudi kuosha vyombo. Nilipogeuka, kalamu ilikuwa juu ya meza na yeye alikuwa ananitazama.

"Mama, baba si alituma?"

Sikujua kama anajua. Kumbe Onyango alikuwa amempigia siku ile Akinyi alipofika nyumbani, akamwambia. Nikaanza kumweleza habari ya basari, kwamba nafanya haya kwa ajili yake. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akinyi ana heshima.

Halafu akasema polepole, "Miaka yote uliandika hakuna, nikatia sahihi. Sasa ametuma kweli, na bado unaandika hakuna. Mama, mimi siwezi kusaini hiyo."

Akatoka nje kwenda kuanua nguo. Nikabaki na povu mikononi.

Sikuwahi kufikiri kwamba lile neno lilikuwa linamuuma. Kwangu lilikuwa jibu la fomu. Kwake lilikuwa baba yake.

Jumatatu nilifunga kibanda nikaenda Homa Bay kwa afisa wa watoto, Madam Nyaboke. Nilimweleza kila kitu, hata uongo wangu. Sikumwona akishangaa.

"Haya ni malimbikizo, mama," alisema. "Ni chakula ambacho mtoto alipaswa kula miaka iliyopita, na wewe ukakopa ili ale. Huu si mshahara wako wa mwaka huu. Lakini yaandike. Wakiyagundua wenyewe, barua yangu haitakusaidia."

Aliniandikia barua, akanipa fomu mpya, akaniambia niambatanishe risiti za madeni niliyolipa. Safari hii Akinyi alitia sahihi, jina lote, kwa mwandiko wake mkubwa.

Leo asubuhi kamati ilikaa kwa chifu. Tulikuwa wazazi wengi kwenye benchi. Nilipoitwa, mzee mmoja wa kamati aliona elfu tisini akavua miwani. "Huyu mama ana pesa kuliko mimi," alisema, na wengine wakacheka. Nilihisi joto usoni. Nikajiambia, basi, imeisha, nitamwambia nini mtoto?

Mwenyekiti ni mwalimu mkuu mstaafu, mama mwenye sauti ndogo. Hakucheka. Alisoma barua, akafunua risiti moja baada ya nyingine, akauliza deni la chama lilikuwa la nini. Nikamjibu: hospitali.

"Hizi pesa zilishaliwa kabla hazijafika," aliwaambia wenzake. "Hatuwezi kuzihesabu kama kipato. Tutakachohesabu ni kile kidogo cha kila mwezi."

Kwa hiyo basari imepungua. Muhula wa kwanza na wa pili watalipa, wa tatu ni juu yangu na Onyango. Aliponiambia sehemu iliyopunguzwa itamwendea mtoto mwingine, niliwaza wale wazazi kwenye benchi nje, na sikuona uchungu wowote. Nilisema asante mara tatu. Mara ya tatu ilitoka kwa Dholuo, ero kamano, na ndipo yule mzee wa miwani akatabasamu.

Nilipotoka nilimpigia Onyango. Hatujazungumza bila kugombana tangu sijui lini. Nikamwambia kamati imesema nini, na kwamba muhula wa tatu unamtegemea. Nilisikia mashine za kusaga mawe nyuma yake.

"Akinyi aliniambia ulibadilisha fomu," alisema. "Ulitaja jina langu?"

"Nilitaja."

"Asante, min Akinyi."

Ni mimi niliyepiga ili nimshukuru, akaniwahi.

Sijui kama atatuma mwezi ujao. Sina dhamana yoyote isipokuwa amri ya mahakama, na tulikuwa nayo tangu mwanzo. Lakini kesho kanisani kuna kipindi cha shukrani. Nimesimama pale mara nyingi nikamshukuru Mungu kwa cherehani, kwa afya, kwa basari. Kesho nitasimama na Akinyi kando yangu nimshukuru kwa baba yake pia, kwa jina, mbele ya watu wote wanaojua alivyotuacha.

Sauti ikigoma, Akinyi atanimalizia.