Nafasi ya Tisa kwenye Banda la Ng'ombe

Wisconsin, Jumapili, 9 Juni

Kwa Dada yangu Arlys,

Salamu zangu zikufikie huko Arizona kabla joto halijakumaliza. Natumaini kifua hakikusumbui tena, na yule paka wako mwenye jicho moja bado anakutawala. Sisi huku hatujambo. Mvua imetosha, mahindi yanakaribia magoti, na goti lenyewe, la kulia, linanisumbua kila nikishuka ngazi, lakini habari za goti nimekupa kila siku yako ya kuzaliwa kwa hiyo siziendelezi. Wifi yako Joyanne anakusalimu sana. Yuko hapa mezani mbele yangu anasafisha stroberi, na kila kalamu yangu ikisimama ananitazama juu ya miwani.

Najua utashangaa kuona barua. Mimi na wewe tumekuwa watu wa simu, mara mbili kwa mwaka, dakika kumi, habari za mvua na magonjwa. Basi nianze kwa kukualika. Jumamosi ya pili ya Julai tunafungua karakana yangu ya trekta za bustani, pale kwenye banda la ng'ombe la Baba. Kutakuwa na soseji za kuchoma, saladi ya viazi ya akina mama wa kanisani, na mashindano ya kwenda polepole, ambayo anayefika mwisho bila injini kuzima ndiye mshindi. Nataka uje, Dada. Hujakanyaga hapa miaka kumi na tisa, nami nataka uje. Nalisema mapema, kwa sababu ukishafika mwisho wa barua hii huenda usitake.

Lakini nikueleze banda kwanza, maana lina mengi ya kueleza. Tangu niuze ng'ombe lilikuwa limekaa tu, njiwa juu na panya chini. Msimu wa majani kupukutika nilianza na sakafu. Unaukumbuka ule mfereji wa samadi tuliokuwa tunaukwangua kabla ya basi la shule kufika? Nimeujaza zege. Nilipolisawazisha zege la mwisho nilisimama nikalitazama kwa muda mrefu, na sikuona aibu kujisikia nimelipiza kisasi. Kuta nimezipaka chokaa upya. Vile vyuma vya kuwabana ng'ombe shingoni nimeviacha upande mmoja, nikavisugua mpaka vikang'aa, na kati ya kila jozi ya vyuma inaingia trekta moja ndogo kana kwamba vipimo vilichukuliwa kwa ajili yake. Chumba cha maziwa sasa ni cha kahawa, kina jiko la kuni na ile saa ya Mama inayochelewa.

Ukuta wa vifaa ndio unaonipa majivuno. Kila spana nimeichora umbo lake kwa rangi nyeusi pale inapotundikwa, kubwa mpaka ndogo, ili moja ikikosekana ukuta wenyewe ukusute. Elroy Sobotka anasema hata chumba cha upasuaji hakina unadhifu wa namna hiyo, na kwamba hapo nimebakiza kuchora umbo langu mwenyewe mlangoni ili Joyanne ajue nikipotea.

Elroy unamkumbuka, yule jirani wa ng'ambo ya barabara uliyemsukuma kwenye hodhi la kunyweshea farasi. Sasa ana upara na bado anastahili kusukumwa. Yeye ni mtu wa trekta za njano, mimi ni wa nyekundu, kila kampuni na rangi yake, na kwa watu wa kazi hii tofauti hiyo ni kubwa kuliko ya madhehebu. Kila asubuhi anaingia na kikombe chake na kuuliza, “Hizi zako nyekundu zinawaka kweli, au ni za kupigia picha?” Nami namjibu kwamba zinawaka, ndiyo maana wiki iliyopita mojawapo ilimvuta yeye na yake ya njano kutoka kwenye mtaro. Basi anakaa, anakunywa kahawa yangu, analalamika ni nyepesi, na anaongeza nyingine.

Tunalogombania kwa dhati ni rangi. Mimi nikipata trekta iliyochakaa naifungua yote, naisugua kwa msasa mpaka chuma, naipaka upya mpaka unaweza kunyolea ndevu kwenye boneti. Elroy hagusi. Anaosha grisi basi, anaiacha na kutu yake, mikwaruzo yake, na pale buti za mwenyewe zilipokula madigadi. Huku tunasema trekta ya namna hiyo imevaa nguo zake za kazi. “Rangi ya kwanza haipakwi mara mbili, Orvin,” huniambia. “Ukishaikwangua umeizika, na hiyo unayopaka wewe ni ya dukani.” Mimi humjibu kwamba ni uvivu tu ameupa jina zuri. Hilo neno lake kuhusu rangi ya kwanza lilikuwa linaniuma kuliko alivyojua, na nitakueleza kwa nini.

Mapambo ni kazi ya Joyanne. Alishona mapazia ya magunia ya zamani ya chakula cha kuku, yale ya maua, akatundika vibao vya namba za magari yote ya Baba kwa mfuatano, kuanzia lile lori lililokuwa halina mlango. Kisha Machi alipanda darini kutafuta kamba akashuka na sanduku, na ndani yake mlikuwa na vibao vya majina ya ng'ombe. Vyote, Dada. Petunia, Dolores, Bi Chama, Solveig. Mwandiko wa Baba kwa rangi nyeupe, zile herufi zake zilizonyooka zenye nyayo nene kama zimevaa mabuti. Joyanne akavipigilia juu ya nafasi, kila kimoja pale ng'ombe wake aliposimama. Kwa hiyo trekta yangu kongwe kuliko zote iko chini ya Petunia, na ile inayovuja mafuta hata nifanyeje iko chini ya Dolores, ambaye naye alikuwa hivyo hivyo. Sikuona haya kulia pale. Joyanne alilia pia, kisha akaniambia nishike nyundo vizuri.

Nafasi ziko tisa na trekta zangu ni nane. Ya tisa ni ya Gudrun, yule aliyekupiga teke ukaingia mferejini na gauni lako jeupe siku ya kipaimara. Chini ya jina lake sakafu ni tupu. Wote wanaopita wanauliza kutakaa nini hapo. Akina mama wa kanisani niliwaambia nangoja kipuri. Joyanne alidhani nawinda nyingine ya kununua, akaniapia kwamba kikiingia kitrekta kingine humu yeye anahamia kwa dada yake Dubuque na mashine ya kushonea. Nikacheka. Nilikuwa najua ninachokingoja, nikawa sina ujasiri wa kukileta.

Wiki tatu zilizopita Elroy aliamua kulibomoa lile banda lake la kukaushia tumbaku, maana limeinama kiasi kwamba hata paka hawaingii. Akaja kwenye kahawa, Joyanne akiwepo, akaniuliza kama anauliza habari za mvua, “Sasa ile ya dada yako nikuletee lini? Nikiangusha paa itakuwa chini yake.”

Joyanne aliweka birika chini. Akauliza, “Ya dada yako ipi?”

Elroy akanitazama mimi, akamtazama yeye, akachukua kofia yake na kusema amekumbuka ameacha maji wazi. Miaka yote hiyo alijua kwamba nakuhifadhia wewe, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyomwambia. Hakuwahi kujua kwamba wewe hujui.

Ndiyo, Dada. Trekta yako ipo.

Baba alipofariki uliomba kitu kimoja tu katika shamba zima. Ulinipigia simu kabla ya mnada ukasema hutaki ardhi, hutaki sahani za Mama, unataka ile trekta ndogo nyekundu ya mwaka sitini na tatu uliyofundishwa kuendesha ulipokuwa na miaka kumi na moja. Nikakubali. Baada ya mnada nikakupigia nikakwambia kumetokea makosa, imepakiwa pamoja na vyuma chakavu, imekwenda. Ukasema, “Basi, Orvin, imeshakwenda,” ukaniuliza kama nakula vizuri. Uwongo mtupu. Siku mbili kabla ya mnada niliisukuma kwa mikono kuvuka barabara, nikaifunika turubai kwa Elroy.

Joyanne aliniuliza kwa nini, na ilinichukua mpaka jioni kumjibu, kwa hiyo nakuandikia nilivyomjibu yeye. Wewe ulipoondoka kwenda chuo mimi ndiye niliyebaki. Nilikamua asubuhi na jioni miaka thelathini, Krismasi na mazishi, na Baba hakuwahi kunifundisha kitu kwa upole hata siku moja; alinipa ndoo akasema kamua. Wewe alikukalisha juu ya trekta, akatembea pembeni mkono wake juu ya boneti, bustani nzima ya Mama, akicheka. Nilikuwa na miaka saba, nimekaa kwenye ua, nawatazama. Kisha akachukua brashi akaandika jina lako kwenye madigadi. Shamba zima lilikuwa na majina ya ng'ombe na jina lako. Langu halikuwa popote. Nilipoona unakuja kulichukua hata hilo na kuondoka nalo Arizona, moyo wangu ukawa mdogo. Sina namna nzuri zaidi ya kulisema.

Na kuna baya zaidi, ambalo Joyanne alisema lisipokuwemo barua haijakamilika. Siku ile niliyoificha nilichukua msasa nikaanza kulifuta jina lako. Nilianza na herufi ya mwisho kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na mkono. Niliifuta yote mpaka chuma. Nilipofika kwenye Y nikaona unywele wa brashi ya Baba umenasa ndani ya rangi, mmoja, umejikunja. Mkono ukagoma. Nikashusha turubai nikaenda kukamua. Nimezunguka majimbo matano kununua trekta nane, Arlys, na kila moja niliinunua ili nisiifikirie ile. Sasa unajua kwa nini neno la Elroy kuhusu rangi ya kwanza lilikuwa linaniuma.

Joyanne hakunigombeza, ingawa ningependelea anigombeze. Alisema tu kwamba ile trekta haiingii kwenye karakana yake, alisema yake, kabla barua haijatoka kwenye sanduku letu. Kwa hiyo hii hapa. Elroy ameshasafisha kabureta, ameweka plagi na betri mpya, na jana ikawaka kwa jaribio la tatu. Ameniambia pia kwamba mimi ni mjinga mkubwa kuliko alivyodhania, na kwa miaka sitini alikuwa amedhania mengi. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Sijaigusa na sitaigusa. Itasimama chini ya Gudrun na nguo zake za kazi, na kwenye kadi ya mbele, pale tunapoandika jina la mwenyewe, nimeandika lako. Kwenye madigadi limebaki ARLY. Sikuthubutu kuirudisha S, kwa kuwa mkono ulioifuta hauna haki ya kuiandika. Nimeitafuta brashi ya Baba nikaipata kwenye lile sanduku la vibao, nikailainisha, nikaiweka juu ya kiti cha trekta pamoja na kopo dogo la rangi nyeupe. Ukija, vitakuwa hapo. Usipotaka kuja nitaelewa, na mimi na Elroy tutaipakia kwenye trela tukuletee mpaka mlangoni, siku tatu njiani, naye ameahidi kuimba njia nzima, kwa hiyo adhabu yangu nitaipata vilevile.

Joyanne amemaliza stroberi. Anasema chumba chako cha juu amekifungua madirisha na ameweka shuka zile za rangi ya samawati, na kwamba yeye anakutaka Julai hata kama mimi hunitaki. Msalimie paka. Jikinge na jua. Nakupenda, Dada, nilikupenda hata siku ile ya msasa, na hilo ndilo nililokuwa sijui namna ya kuliandika.

Nimeongeza mistari hii Jumatatu asubuhi, nimesimama mwisho wa njia yetu, karatasi juu ya sanduku la barua. Naifunga sasa na kupandisha kile kibendera chekundu ili mtu wa posta ajue kuna cha kuchukua. Elroy yuko ng'ambo ya barabara juu ya trekta yako, injini inanguruma. Nimemwambia asivuke mpaka gari la posta liondoke na barua yako. Ameketi ukingoni kabisa mwa kiti, brashi na kopo la rangi mapajani, kwa sababu anasema kiti hicho kina mwenyewe.

Mdogo wako,
Orvin Amundrud