Sambusa ya Mchafukoge

Mama mdogo, shikamoo!

Dar kuna joto la kuchemsha mawazo, ila leo nacheka peke yangu barabarani. Unakumbuka nilivyolia kwenye simu? Nahesabu kwa kompyuta jinsi chuma kinavyopata moto kikipigwa na miale ya ioni, zile chembe ndogo zenye umeme, kwa mapigo mafupi makali. Programu yangu ilisema chuma kitabaki kizima. Kipande halisi kikapasuka. Kesho asubuhi namweleza msimamizi wangu, na nikikosa jibu narudia mwaka.

Mchana nikanunua sambusa kwa dada mmoja pale Mchafukoge. Nikamuuliza, "Imepoa?" Kwa kelele zile, akadhani namsalimia.

"Poa, mrembo, karibu!"

Nikapapasa ganda, limepoa kweli. Nikang'ata. Nyama ikaniunguza ulimi, nikaruka juu.

"We dada, unapapasa ganda tu? Na nyama je?" Akanipa maji huku anacheka.

Hapo ndipo nikaelewa. Programu yangu nayo inapapasa ganda tu! Uso wa chuma ukipoa, inahesabu kwamba chote kimepoa, inaanza pigo jipya, na joto la ndani, linalozidi kujilimbikiza, linasahaulika. Nilikimbia chumbani nikarekebisha mistari minne ya programu. Nyufa zikatokea kwenye kompyuta, palepale zilipo kwenye kipande halisi!

Ulimi umevimba, kesho nitaongea kama mtoto anayeota meno. Niombee tu nikitamka "joto" nieleweke. Nakupenda mno.

Mwanao, Upendo