Bahati Aliomba Aponywe

Yaya Neema, dada yangu mpendwa,

Jambo hili sijamwambia mtu: mimi na binamu yetu Bahati tuko namna moja. Kelele hutuumiza, na kutazama watu machoni hutushinda. Katika somo la saikolojia nimekuta jina lake, otisimu. Mimi sitaki kuponywa, ndivyo nilivyo, na nilidhani Bahati naye anaona hivyo.

Jana Tantine, shangazi yetu, alitupeleka kwa mama wa maombi, hapa mtaa wa Lumumba. Mvua ilipiga mabati kwa nguvu, tukaziba masikio sote wawili. Yule mama akatuona.

"Mukuje mbele, batoto. Kila mutu ataje ugonjwa wake."

Nilimnong'oneza Bahati, "Siye hatuko wagonjwa."

"Weye unajua kujibu," alisema. "Mie, kwa bariere ya barabarani, askari wanauliza kabila, maneno inakataa kutoka. Siku moja watanipiga risasi. Acha niponywe."

Akapiga magoti. Najuta, yaya. Tangu nifike Bunia nimemhubiria kwamba tuko wazima, wala sikumuuliza anapitaje barabarani.

Vita bado vimefunga njia ya kurudi kwetu Aru. Mpikie Mama sombe ya majani ya muhogo, mle na fungu langu, mlale salama.

Jana nami nilipiga magoti kando ya Bahati, nikaomba bariere ziondoke. Tulipokuwa tukirudi zilikuwepo bado. Nilitangulia, nikajibu kwa ajili yetu wawili, huku nikitazama viatu vya askari.

Mdogo wako,
Aline