Hukuwa Unatafuna Karanga

Mama yangu,

Shikamoo. Najua huitikii, ila mdomo umezoea.

Soko la Majengo usingelitambua. Mitumba imemwagwa mpaka barabarani, na maduka ya dawa ya watu binafsi yako kila kona. Dawa zako tulizokuwa tukizikosa siku hizi zimejaa. Ya kutuliza taya ndiyo hakuna. Nimeuliza kote.

Nauliza kwa ajili ya Yona. Mwaka uleule tuliokuzika, mdogo wangu naye alianza kusikia sauti kama wewe, akaanzishiwa dawa zilezile. Sasa taya lake limeanza. Linatafuna, na mdomoni hamna kitu.

Unakumbuka pale sokoni ulipouza karanga, wenzako walivyokusema? "Karanga za huyu hazifiki jioni, anazimaliza mwenyewe." Nawe ukawajibu, "Natafuna maneno yenu." Wakacheka kweli. Ukirudi nyumbani ulikula ugali umegeukia ukuta.

Nimembana daktari. Amesema dawa inaziba vipokezi vya dopamini ubongoni, ndiyo maana sauti zinanyamaza. Lakini vipokezi hivyo ndivyo vinavyoongoza na taya. Viko vya aina mbalimbali, na kila aina ina kazi yake; ukiviziba miaka mingi mambo yanavurugika, taya linajiendea lenyewe. Wamejifunza kwa panya. Wanawachoma dawa, kisha wanakaa kuwatazama midomo, taya likicheza tu wanaandika.

Panya, mama! Panya wamepata mtu wa kuwatazama midomo. Wewe ulikaa Majengo miaka yote ile ukaitwa mlafi.

Nifanyeje? Akiacha dawa anakimbilia porini; juzi tulimkuta nyuma ya Miyuji, miguu yote miiba. Akinywa, anatafuna. Nilimuuliza daktari nichague lipi, akaandika dawa zilezile. Nimechoka, mama. Hata kusali sisali.

Siku ya maziko, kina mama walipokuosha walikufunga taya kwa kitambaa. Likatulia. Nikasogea, nikaona sura yako nimeisahau. Miaka yote ile tulikuachia ukuta wako, tukidhani ndiyo heshima.

Basi pumzika. Jioni hii nasonga ugali, na Yona atakaa mbele yangu, sahani moja. Nitamtazama usoni, taya likienda hivyohivyo. Siku ya kumfunga kitambaa isinikute sijamwona.

Mwanao,
Debora