Uwanja wa Duka Lililofungwa

Alhamisi, 7 Machi

Tumefika mtaani saa tatu kasoro, foleni imeshapinda kona. Tangu duka kubwa lifungwe, mtu wa huku akitaka kitunguu anapanda mabasi mawili. Kitunguu! Kioski kilichobaki kinauza soda, biskuti na vocha, basi. Ndiyo maana kila Alhamisi naegesha lori la shirika letu la msaada kwenye uwanja wa lile duka, tunagawa unga, maharage, mayai, karoti, vitunguu. Mimi dereva, mimi mpakuaji. Mgongo unajua.

Shangazi anaishi hapo nyuma. Kwenye foleni hakanyagi — yeye si ombaomba, anasema. Nikampelekea mayai mlangoni. Kayapokea kama vile yeye ndiye ananisaidia mimi! Haya. Ilimradi ale. Ana kisukari, daktari kampigia marufuku biskuti, na mtaani hapo ni biskuti tu.

Jumatatu, 11 Machi

Barua imekuja ofisini. Mwenye uwanja hataki tena kuliona lori. Eti tunaharibu sura ya mahali, na wanunuzi wanakuja kukagua jengo.

Sura! Madirisha yamepigiliwa mbao, magugu yameota mpaka kwenye ngazi, panya wanapishana kama wapangaji. Hayo hayaharibu sura. Anayeharibu ni bibi kizee mwenye mfuko wa karoti!

Nikamwambia mkuu wetu, Alhamisi twende hivyohivyo. Akasema lazima tufuate utaratibu. Nikamuuliza kama tumbo nalo linafuata utaratibu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Si mtu mbaya. Anaogopa tutanyang'anywa kibali. Najua. Lakini hasira zimenijaa mpaka kooni na sina pa kuzimwaga ila hapa.

Jumatano, 13 Machi

Mkuu kapiga simu manispaa asubuhi nzima kutafuta uwanja mwingine. Wa kwanza kasema muulizeni wa pili. Wa pili yuko kikaoni. Wa tatu — huyu ndiye kaniua! — kasema mtaa ule hauna shida ya chakula, kwenye ramani yao kuna duka kubwa.

Duka lilelile! Limefungwa miaka miwili, kwao bado liko wazi. Nilicheka. Halafu nikaenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi kupanga mayai.

Alhamisi, 14 Machi

Mkuu hakusema nenda, hakusema usiende. Kanipa funguo za lori huku anaangalia dirishani. Nikaondoka.

Geti lina mnyororo mpya. Mlinzi kasimama mbele yake, jasho linamtoka na jua bado changa. "Dada, nimeagizwa nisifungue. Usinitie matatani." Watu wamejipanga nje, ukingoni mwa barabara, magari yanawapita karibu kuwagusa. Kugawia hapo ni kutafuta maiti.

Na kwenye foleni namwona nani? Shangazi! Na kikapu. "Usinitazame hivyo," kaniambia. "Nimekuja kugombana, sikuja kuomba."

Akamwendea mlinzi, taratibu, kama anayeulizia njia. "Hebu niambie, mwanangu. Kwako wanapata wapi vitunguu?"

Mlinzi akainamisha kichwa. Jibu likatoka kwenye foleni, kwa mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni. "Hapahapa, mama. Kila Alhamisi. Mkewe ni mimi."

Mlinzi hakugeuka kumtazama.

Nimerudi kwenye lori, naandika nikiegemea usukani, jicho liko getini. Simu ya mlinzi inaita. Kaitoa, kaangalia jina. "Ni yeye mwenyewe," kasema — mwenye uwanja. Hapokei. Hakati. Mkewe kasogea mpaka getini, kakunjua mfuko wake tu. Simu imenyamaza. Inaita tena. Ufunguo wa kufuli uko mkononi mwa mlinzi.

Nimewasha injini, pua ya lori inatazama geti.