Aliyekuwa Akikunyanyua Kitandani

Mpendwa baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia. Mtoto amelala, naandika upesi kabla hajaamka, na vyombo bado havijaoshwa. Tangu matanga yaishe shangazi ananiandama na neno moja, nami nataka ulisikie kutoka kwangu.

Unaukumbuka uwanja wetu pale Katandala, kabla sijaolewa. Ulikuwa umestaafu upolisi, na judo uliyofundishwa huko hukutaka ife. Kaka alikuwa kazini Mpanda, nikabaki mimi. Ulijaza maganda ya mahindi kwenye magunia, ukayashona, yakawa godoro la kuangukia. Majirani wakitoka shamba la ujamaa walisimama kutucheka. Mmoja akakuuliza, "Mzee, binti unamwoza au unampeleka vitani?" Ukamjibu kwamba mume akija, naye ataanza kwa kuanguka.

Kwanza nilibeba gunia la mchanga kuzunguka nyumba, ndipo judo, ndipo uji wa ulezi. Mchana ni maharage na ugali wa dona. Sembe hukuitaka ndani. Ulisema kinu kimekula chakula, kimetuachia weupe. Mimi niliitamani kama wenzangu, nikanuna, wewe ukaendelea kumega.

Hukuniruhusu kukushika ovyo. Ulifunga mkanda juu ya koti, nikashika hapo tu. Mikono yangu midogo uliniambia niisahau, niingie chini ya uzito wako, magoti na kiuno vifanye kazi.

Halafu, nikiwa nimeshaolewa, upande wako mmoja ukapooza. Nilirudi kwako na Anjela mgongoni, hata hajaota meno. Siku ya kwanza ulikataa nikuguse, kwa kuwa binti hamkumbatii baba yake kiunoni. Ulilala kwenye shuka lililolowa, ukaniagiza nimwite jirani mwanamume, naye alikuwa shambani mpaka jioni. Nilisimama pale mpaka miguu ikaniuma. Mwisho nikautafuta ule mkanda, nikakufunga.

"Baba, ni mazoezi."

Nilipoanza kukuinua ukasema, kwa ule mdomo uliokuwa mzito, "Magoti, wewe. Unanyanyua kwa mgongo."

Tangu hapo kila asubuhi ilikuwa mazoezi. Nakuinua, nakukalisha kwenye kigoda, nakuogesha, nakunywesha uji. Nikikosea unanigombeza. Kuna siku nililia nyuma ya jiko kwa uchovu tu, nikajifuta kwa kanga, nikarudi.

Sasa shangazi anataka niwaambie watu kwamba kaka ndiye aliyekuwa akija kukunyanyua, eti heshima yako ibaki. Kaka anajua hakuja, ila amenyamaza. Nilimwambia shangazi kwa adabu kwamba sitasema hivyo. Akanijibu, "Basi unamvua nguo marehemu."

Neno hilo limeniuma kuliko mgongo. Lakini mimi ndiye niliyekuwepo. Mikononi mwangu hukuaibika hata mara moja. Ulikuwa mwalimu, na mwanafunzi wako alikuwa mzito wa kuelewa.

Nimechoka, baba. Asubuhi naamka saa ile ile, mikono iko tayari, kumbe hakuna wa kuinua zaidi ya mtoto. Atakayeniuliza, nitamwambia ni mimi, na kwamba wewe mwenyewe ulikubali. Shangazi akinuna, na anune.

Pumzika sasa. Hakuna atakayekuamsha kwa mazoezi.

Binti yako,
mama Anjela