Ruhusa ya Siku Mbili

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kile kikohozi ulichonitajia kimekwisha. Mama naye sijui magoti yake yanaendeleaje. Mwambie asiiname kufagia ua, watoto wapo na mikono wanayo. Mimi mwili hauna neno. Nakula, naenda kazini, narudi. Usingizi ndio umenipa kisogo, lakini sababu yake utaiona ukifika mwisho. Nakuomba kwa heshima zote ufike huko mwisho, hata kama katikati utatamani kuichana.

Barua yako niliipata Jumanne. Umeniandikia kwamba nguo za shemeji umezifunga kwenye fuko ukampelekea karakanani, na sasa analala humo humo katikati ya baiskeli za watu. Umesema huwezi kukaa meza moja na mtu aliyezembea na barua mfukoni huku baba anamuulizia mwanawe. Mjomba anakuja mwisho wa mwezi kuzungumzia kuachana kwenu, mama amenyamaza, na wewe ukishaamua umeamua. Kisha ukaniuliza maoni yangu mimi mdogo wako, kwa kuwa ndiye niliyedhulumiwa kuliko wote.

Nimeandika majibu matatu nikayachana. Hili la nne nimejiapiza kwamba litafika posta. Ila ili nijibu sawasawa lazima nianze na safari ambayo nyumbani hamkuijua. Niliwaambia kwamba mwisho wa juma ule nilikuwa nimetumwa kikazi. Hapakuwa na kazi yoyote, dada.

Unaikumbuka ile bendi ya roki niliyokuwa nikiipiga kwenye redio kaseti ya baba mpaka betri zinaanza kulia? Baba alikuwa akipita mlangoni anauliza wale watu wanaimba au wanagombana, na kama wanagombana mbona hakuna wa kuwaamua. Basi bendi hiyo ilitangaza kuja kupiga siku moja tu, Jumamosi, katika uwanja wa mpira wa mji ulio mbali na hapa mwendo wa siku nzima kwa gari. Hapa mjini tuko wanne tunaoipenda. Yupo Fundi Redio, mwenye kanda zao zote, hata zile zilizokwishatafunwa na mashine akaziunga kwa gundi. Yupo Mwalimu, anayefundisha hesabu na ndiye mwenye leseni. Yupo Sindano, dada mmoja mshonaji, mwembamba kama jina lake, ambaye hasemi ovyo. Na mimi. Hakuna kati yetu anayejua maneno ya zile nyimbo yana maana gani, Mwalimu peke yake anajifanya, lakini tunaziimba zote tangu mwanzo hadi mwisho.

Mwalimu aliazima pikapu ya baba mkwe wake, akamwambia anakwenda kuchukua madawati. Mimi ilinibidi niombe ruhusa kazini. Mkuu wetu wa masijala ni mama mmoja ambaye hajawahi kuchelewa tangu niajiriwe, na kumwambia mtu kama yule kwamba nakwenda kusikiliza magitaa, ulimi haukuweza. Jumatatu nikamwandikia kwamba baba ni mgonjwa na naomba Ijumaa na Jumamosi nikamwone. Nilijitetea moyoni kwamba si uongo mtupu, kwa sababu kifua cha baba kilikuwa kikimsumbua tangu mwaka juzi. Alitia sahihi bila kuuliza swali. Akaniambia nimpe mzee pole yake.

Tuliondoka Ijumaa asubuhi. Sindano alitushonea mashati meusi yenye alama ya bendi kifuani, yangu likanibana makwapani, Fundi Redio akasema karani akivaa nguo isiyo na mfuko wa kalamu anaonekana kama amenyolewa. Yeye na mimi tulikaa nyuma, wawili wakakaa mbele. Barabara ilikuwa na mashimo, na kila shimo Mwalimu alituomba radhi kwa kugonga kioo. Tuliimba mpaka vumbi likatukausha koo. Ungetuona ungesema hawa hawana hata mmoja anayewategemea.

Saa sita mchana tulisimama kujaza mafuta pale kwenye njia panda. Unapajua, ndipo barabara ya kuja nyumbani inapochepuka. Basi la kwenda kwetu lilikuwa limesimama pale pale, injini inanguruma, utingo anaita watu, na viti vya nyuma nilivihesabu vitupu vinne. Mwendo wa saa tatu tu kutoka pale na ningekuwa mlangoni kwenu. Niliteremka kwenye pikapu nikalitazama lile basi mpaka Sindano akaja kusimama kando yangu. Aliniuliza kama kuna mtu wangu mle ndani. Nikamwambia hakuna, nasikia kichefuchefu tu. Mwalimu akadakia kwamba karani barabara inamuumiza kwa sababu haijapigwa mistari, wote wakacheka, nami nikacheka. Sindano hakucheka. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba kama nina pa kwenda niende, wao hawatakasirika, shati atalikabidhi kwa mwingine. Nikapanda pikapu. Basi likaondoka nyuma yetu, likakata kona, sikulitazama tena.

Bendi ilianza saa tisa ya Jumamosi, kwa sababu uwanja ule hauna taa. Mwimbaji ni mtu mfupi, amezeeka kuliko kwenye picha ya kanda, na sauti imemkwaruza. Fundi Redio alilia kama mtoto aliyeokotwa. Mimi sehemu kubwa nilikuwa nimesimama tu kama mlingoti. Lakini sitaki kukuficha kitu leo. Ulipigwa wimbo mmoja, ule ambao baba alikuwa akisema afadhali huo, angalau unasikika gitaa linabembeleza, na wimbo ule ulipoanza nilisahau kila kitu. Niliruka, nikapiga kelele, nikamkumbatia mtu nisiyemjua. Mwalimu ana tabia ya kutazama saa, akasema ni saa kumi na robo, wakiendelea hivi tutawahi kutoka kabla giza halijaingia. Baadaye, nyumbani, ulinisimulia kwamba baba alikata roho saa kumi imepita kidogo, mama akiwa amemshika mkono wa kulia na wewe wa kushoto. Kwa hiyo najua nilikuwa nafanya nini. Nilikuwa na furaha, dada. Dakika zile hasa ndizo nilizokuwa na furaha.

Tulirudi Jumapili, na Jumatatu asubuhi niko mezani mjomba akapiga simu kutoka posta, kwamba mzee amekwisha kuzikwa jana na mimi nafanya nini huko. Mkuu wangu alinikuta nimeishika simu iliyokatika. Aliitoa mkononi mwangu akaiweka mahali pake, akanikalisha kwenye kiti chake mwenyewe, kiti ambacho hakuna anayekikalia. Akaniambia nijikaze, angalau nimejaliwa kumwona wiki hiyo hiyo, wengi hata hilo hawalipati. Nilimjibu ndiyo, nashukuru.

Yaliyofuata uliyaona kwa macho yako. Nilifika saa kumi na moja jioni, viti bado vimepangwa uani. Mjomba hakunipa hata nafasi ya kuweka begi chini, akaniuliza mbele ya watu wote barua ya dada yangu niliipata lini. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni na khanga kichwani, umevimba macho, unanitazama. Nikasema nimeikuta mezani leo asubuhi, nilipotoka safari ya kikazi niliyoianza Ijumaa.

Sikumtaja mtu. Kwa siku nyingi nimejikinga nyuma ya hilo, kwamba sikumtaja mtu. Lakini niliona vichwa vyote vikigeuka kumtazama shemeji, naye ameshika birika la chai, anamimina kwenye kikombe kilichokwisha kujaa. Akaeleza kwamba Jumatano ulipompa barua akampe utingo wa basi alichelewa kweli, basi akalikosa, lakini mchana huo huo alimzibia pancha dereva wa lori aliyekuwa anakuja huku mjini, akampa barua ailete ofisini kwangu. Mjomba akamuuliza dereva huyo anaitwa nani. Hakumuuliza jina. Lori la rangi gani. Hakukumbuka vizuri. Mjomba akasema mtu aliyekaa na baiskeli yake yeye mjomba miezi minne kwa ajili ya mnyororo, leo ghafla anasafirisha barua kwa siku moja, na watu wakaguna. Shemeji aliapa mara moja tu. Kisha nikaona jambo ambalo linanirudia kila nikifumba macho. Alinitazama, si kwa hasira, kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha, halafu akasema polepole kwamba basi labda amechanganya siku, labda kweli ilikuwa Ijumaa, siku zile alikuwa amechoka kwa kumgeuzageuza mzee kitandani. Akaomba radhi. Aliniomba mimi radhi, dada, mbele ya watu, na mimi nikamwambia yamekwisha.

Hakuchanganya siku.

Lori lile lilikuja. Dereva, kama mlinzi alivyoniambia, ni mtu mnene mwenye kofia ya sufu, aliiacha barua yako langoni Alhamisi, nayo ikaletwa mezani kwangu saa nne asubuhi pamoja na barua za ofisi. Kazi yangu unaijua. Kila bahasha inayoingia naifungua, naikunjua karatasi, naigonga muhuri wa IMEPOKELEWA wenye tarehe, natia sahihi, ndipo naisoma kujua inakwenda jalada gani. Mkono wangu umezoea, hauningoji. Barua yako niliifungua kama nyingine, nikaigonga muhuri, nikatia sahihi, na ndipo nikaona mwandiko. Uliandika kwamba safari hii si kama zile nyingine. Uliandika baba anauliza kila mara mlango ukifunguka kama ni mimi, na kwamba umekwisha kumwambia niko njiani, kwa hiyo nisikufanye mwongo, nije kabla ya Jumapili.

Ruhusa nilikuwa nayo mezani, imetiwa sahihi, ya siku zile zile, kwa sababu ile ile. Sikuhitaji kumwomba mtu kitu. Nilikuwa na kila kilichotakiwa isipokuwa moyo wa kwenda. Pale njia panda barua ilikuwa kwenye mfuko wa suruali yangu.

Usidhani niliipenda bendi kuliko baba. Ningetamani iwe hivyo, lingekuwa kosa la kueleweka. Ukweli ni kwamba niliogopa kile chumba. Nilipokuja mara ya mwisho nilikukuta unamwogesha baba, ukaniita nikushikie mgongo wake, nikaona mbavu zake na ile ngozi, nikasema nakwenda kuchota maji. Nilikaa nje mpaka ulipomaliza. Shemeji ndiye aliyeingia akamshika. Tangu siku ile nilikuwa natafuta sababu ya kutorudi, na bendi ikanipa. Nilijiambia baba amekwisha kuugua mara nyingi na kuamka, nitakwenda wiki inayofuata, nitampelekea kanda mpya tucheke. Nilijua najidanganya. Mtu anajua.

Nimeiweka barua yako ndani ya hii. Mara mbili nilitaka kuichoma, nikashindwa, sijui kama ni kwa ajili ya baba au ni ukarani tu. Utaona muhuri, utaona tarehe, utaona sahihi yangu. Sitaki uniamini kwa mdomo, mdomo wangu umekwisha kukuponza. Mpe mjomba aisome kabla hajafungua kikao. Msomee mama, ukiweza, au ningoje nimsomee mimi. Mkuu wangu wa kazi nimemwambia jana. Hakunifukuza, ila kile kiti chake sasa anakifunika kwa kitambaa akitoka.

Maoni yangu uliyoniuliza ni haya. Mumeo aliipeleka barua siku ile ile uliyompa. Aliyemgeuza baba kitandani, aliyemshika mgongo, aliyeomba radhi kwa kosa ambalo si lake, ni mtu mmoja, na analala kwenye sakafu ya karakana kwa sababu mimi nilinyamaza. Mrudishie nguo zake. Mimi nifanye utakavyo. Ukisema nisikanyage hapo sitakanyaga, lakini Jumamosi hii napanda basi, na kama mlango wako umefungwa nitakaa karakanani.

Nisalimie mama, umwambie namkumbuka. Wasalimie watoto, mkubwa umwambie daftari lake nimelinunua. Mjomba mpe heshima zangu. Shemeji usimpe salamu yoyote kutoka kwangu. Shikamoo yake nitampa mwenyewe, nimesimama mbele yake, akitaka kuipokea.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda